Giza la Mchana: Vifaa vya Ujenzi na Mwanga katika Nyumba za Paya

Katika maandishi ya historia ya Afrika, neno giza limetumika sana, na mara nyingi limetumika vibaya. Mwaka 1878 Henry Morton Stanley alichapisha kitabu cha safari zake ambacho anwani yake iliita Afrika Bara la Giza. Kwa waandishi wengi waliomfuata, giza lilikuwa jina la ujinga, na nuru ikawa jina la shule, kanisa na serikali ya wageni. Katika insha hii ninataka kulirudisha neno hilo mahali pake pa kawaida, yaani ndani ya nyumba. Ninauliza swali moja: kwa nini nyumba za Paya zilikuwa na giza mchana, na kwa nini nyingi zina giza hata leo? Hoja yangu ni kwamba giza hilo halikuletwa na ujinga. Lililetwa na vifaa vya ujenzi vilivyopatikana, bei yake, na hesabu ambayo kila mwenye nyumba aliifanya kabla ya kutoboa ukuta.

Paya ni kata katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Mji wa Tororo uko upande wetu wa mashariki, na mji wa mpakani wa Busia uko kusini mashariki. Wakazi wengi ni Wadhola, watu wa jamii ya Waluo ambao historia yao B. A. Ogot aliieleza katika kitabu chake cha 1967 kuhusu Waluo wa kusini. Mimi ni mzaliwa wa hapo. Mbali na niliyoyasoma, nimetumia maelezo ya nyanya yangu, aliyeolewa Paya wakati nyumba zilikuwa za nyasi, na ya fundi mmoja anayejenga nyumba kijijini kwetu.

Kabla ya kuingia katika historia, inafaa tutazame sayansi kidogo. Shuleni tulifundishwa kugawa vitu katika makundi matatu. Vitu angavu, kama kioo na maji safi, hupitisha mwanga kiasi kwamba tunaona waziwazi kilicho upande wa pili. Vitu nusu angavu, kama kavera nyeupe, hupitisha mwanga lakini huutawanya, hivyo tunapata mwangaza bila kuona sura. Vitu visivyopitisha mwanga, kama mbao, udongo na mabati, huufyonza au huurudisha ulikotoka.

Mgawanyo huo ni sahihi, lakini kwa mwanafunzi wa historia hautoshi, kwa sababu hakuna mtu anayejenga kwa ajili ya mwanga peke yake. Paa, ukuta na dirisha huulizwa maswali mengine pia. Je, mvua itaingia? Joto litaingia? Mwizi ataingia? Jicho la mpita njia litaingia? Kila kifaa hujibu maswali hayo kwa namna yake. Ninaona kwamba historia ya nyumba zetu ni historia ya watu kutafuta kifaa kitakachosema ndiyo kwa mwanga na hapana kwa hayo mengine manne, na kugundua kwamba kifaa cha namna hiyo huuzwa ghali.

Tuanze na nyumba ya nyasi. Ilikuwa ya mviringo, kuta za fito zilizokandikwa udongo, paa la nyasi, na mlango mfupi ambao mtu mzima aliinama kuupita. Nyasi moja ukiishika juani si nzito kwa mwanga. Ni nyembamba na inang'aa. Lakini paa lina maelfu ya nyasi, na kati yake kuna hewa. Mwanga unapotoka hewani na kuingia katika unyasi, kisha kutoka tena hewani, sehemu yake hurudishwa na sehemu hupindishwa. Ukifanyiwa hivyo mara nyingi, hautokezi upande wa pili. Jambo hili tunaliona kila siku kwenye kibanda cha chapati. Karatasi kavu haionyeshi kilicho nyuma yake, kwa sababu imejaa nyuzi na nafasi za hewa. Ikilowa mafuta, mafuta hujaza zile nafasi, mwanga hupata njia, na ghafla unaiona chapati kupitia karatasi. Kwa hiyo hewa iliyofungwa katikati ya nyasi ndiyo iliyoleta giza. Hewa hiyo hiyo ndiyo iliyozuia joto la jua la saa nane mchana. Mtu hakuweza kuondoa giza lile bila kuondoa na ubaridi ule.

Nyanya yangu haoni ajabu yoyote katika giza la nyumba ile. Aliniambia, "Mjukuu wangu, nyumba ilikuwa ya kulala. Uwanja ndio ulikuwa wa kuishi." Kazi zilizohitaji macho, kama kuchagua mbegu, kusuka, kupembua wimbi na kunyoa watoto, zilifanywa uwanjani au chini ya mti. Ndani kulihifadhiwa vitu na kulilazwa wagonjwa. Moshi wa jiko ulitoka polepole kupitia nyasi, na ukiwa njiani ulifukuza wadudu waliotaka kula paa. Tundu kubwa ukutani lingeingiza mwanga, ndiyo, lakini lingeingiza pia mvua ya upepo, mbu, nyoka na mkono wa mwizi. Wajenzi wale walijua mwanga ni nini. Walichokosa ni kitu angavu cha kuzibia tundu.

Ili tusidhani kwamba nyumba yenye giza ni alama ya umaskini, tulinganishe na pwani. Katika nyumba kubwa za mawe za Lamu, zilizojengwa na matajiri wa mji uliofanya biashara na Uarabuni na Bara Hindi, kuta zinazotazama barabara zina madirisha machache au hazina kabisa. Mwanga uliingia kupitia kiwanda, yaani ua wa wazi katikati ya nyumba. Vyumba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine, vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kadiri mtu alivyoingia ndani ndivyo mwanga ulivyopungua, hadi chumba cha mwisho, ambacho kiliitwa ndani, kikawa cha giza na cha faragha kuliko vyote. Hapo kuta nyeupe za chokaa zilisaidia kurudisha mwanga mdogo uliofika. Tajiri wa Lamu alilipa fedha nyingi ili apate giza la namna yake, kwa kuwa swali lililomkera zaidi lilikuwa la jicho la mpita njia. Hakuna anayemwita tajiri huyo mjinga kwa sababu ya giza la chumba chake. Basi kwa nini mkulima wa Paya ahukumiwe kwa kipimo kingine?

Lugha yenyewe inatupa ushahidi wa safari ya vifaa hivi. Neno dirisha lilitufikia kutoka Kiajemi, na kule asili yake ni mlango mdogo. Neno kioo katika Kiswahili ni kile cha dirishani na pia kile cha kujitazamia, ingawa kimoja hupitisha mwanga na kingine huurudisha. Ninadhani sababu ni kwamba kwa muda mrefu watu wengi wa bara walikijua kioo kama kitu cha biashara kabla ya kukijua kama kitu cha ujenzi. Kwa karne nyingi shanga za kioo zilisafiri kutoka Bahari ya Hindi kuingia bara. Kioo kilifika shingoni na viunoni mwa watu muda mrefu kabla ya kufika ukutani. Shanga hubebeka mfukoni. Kipande kipana cha kioo hakibebeki kichwani kwa siku sitini.

Utawala wa Waingereza ulipoanza, serikali ilizitazama nyumba zetu kwa jicho la kodi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na kodi ya namna hiyo ilifika baadaye upande wetu wa mashariki. Katika sehemu mbalimbali za Uganda watu waliikwepa kwa kukaa wengi katika nyumba moja. Tukumbuke kwamba Waingereza wenyewe walikuwa na historia kama hiyo. Kuanzia mwaka 1696 hadi 1851 serikali ya Uingereza ilitoza kodi kwa idadi ya madirisha, na wenye nyumba wengi waliyaziba kwa matofali ili walipe kidogo. Kioo chenyewe kilitozwa ushuru kuanzia 1746 hadi 1845. Hivyo nyumba nyingi za maskini wa London zilikuwa na giza, na lile giza lilisababishwa na sheria. Ushuru ulipoondolewa, kioo kilishuka bei, na mwaka 1851 London iliweza kujenga jumba zima la maonyesho kwa vioo na chuma. Mfano huu una maana kwangu kwa sababu unaonyesha kwamba mwanga wa ndani hufuata bei na sheria kabla ya kufuata elimu.

Vifaa vipya vilitufikia kwa reli. Mwishoni mwa miaka ya 1920 njia kutoka Mombasa kupitia Eldoret ilikuwa imeshapita Tororo, na mwaka 1931 ilifika Kampala. Njia hiyo inapita Nagongera, jirani zetu wa Paya. Sasa kioo na mabati viliweza kusafiri kutoka bandarini kwa mizigo mikubwa. Lakini viwili hivyo havikuenea sawa. Mabati yaliyokunjwa kama mawimbi, uvumbuzi ambao Henry Robinson Palmer aliupatia hataza London mwaka 1829, ni kifaa kinachovumilia safari. Yanapangwa moja juu ya lingine, yanatupwa chini, yanafungwa kwenye baiskeli, na yakipinda yananyooshwa. Kioo kikianguka mara moja, fedha yote imeanguka. Kwa hiyo bati lilifika vijijini, na kioo kikabaki kwa sehemu kubwa mjini, katika maduka, ofisi, makanisa na nyumba za maafisa.

Hapa ndipo pana jambo ambalo naona halijasisitizwa vya kutosha. Tumezoea kusema kwamba mabati yalikuwa maendeleo, na katika swali la mvua hilo ni kweli kabisa. Nyanya yangu anasema usiku wa kwanza chini ya bati alilala bila kuamka kusogeza kitanda. Lakini katika swali la mwanga bati halikubadilisha chochote, na katika swali la joto lilirudi nyuma. Nyasi zilizuia mwanga na joto pamoja. Bati huzuia mwanga na kulipitisha joto, kwa sababu chuma hupeleka joto upesi na hakina hewa iliyofungwa ndani yake. Familia iliyohama kutoka nyasi kwenda bati ilipata nyumba yenye giza lile lile, yenye joto zaidi saa sita mchana, na yenye kelele wakati wa mvua. Moshi nao, uliokuwa ukipenya nyasi, sasa ulikosa njia. Ndiyo maana jiko lilianza kutoka ndani na kujengewa kibanda chake.

Madirisha ya nyumba hizi mpya yakawa ya mbao. Ubao hupitishi mwanga wala mvua wala mwizi, na hapo ndipo penye taabu: dirisha la mbao humlazimisha mtu kuchagua. Akilifungua anapata mwanga pamoja na vumbi, mvua na macho ya watu. Akilifunga anapata usalama na giza. Fundi wangu alinieleza hesabu hiyo kwa ufupi. "Kioo hakimzuii mwizi," alisema. "Ukinunua kioo umenunua na nondo. Ukinunua nondo umenunua na mchomeleaji. Ubao naupigilia mwenyewe." Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha karibu asilimia 90 ya mwanga unaokifikia, lakini kwa mkulima anayeuza mihogo, asilimia hiyo ina bei ya vitu vitatu.

Kwa sababu hiyo, katika nyumba nyingi kioo cha kwanza cha kufanya kazi ya mwanga kiliingia ndani ya taa. Taa ya chemli ina kioo kinachozunguka utambi. Kinapitisha mwanga na kuuzuia upepo. Hata jina chemli limetokana na neno la Kiingereza la dohani, yaani lile bomba la kioo lenyewe. Kioo hicho kilipovunjika, au fedha zilipokosekana, watu walirudi kwenye taa ya kopo yenye utambi mtupu. Waganda huiita tadooba, Wakenya ng'ambo ya Busia huiita koroboi, na Watanzania huiita kibatari. Majina ni matatu, moshi ni mmoja. Moshi huo hupaka masizi kwenye kuta na paa, na masizi hufyonza mwanga. Hivyo taa ya kopo hupunguza kidogo kidogo ule mwangaza mdogo ambao kuta zilikuwa zikiurudisha.

Mwaka 1954 tarehe 29 Aprili Malkia Elizabeth alizindua bwawa la Owen Falls huko Jinja. Umeme ukaletwa Tororo, ambako kulikuwa na kiwanda cha saruji, na kwa mkataba wa 1955 Uganda ikakubali kuiuzia Kenya umeme. Nyaya zilielekea mpakani kuvuka nchi yetu, na chini yake watu waliendelea na tadooba. Sitaki kusema kwamba mradi ule ulikuwa mbaya. Nasema tu kwamba nuru ya taifa ilipita juu ya paa zisizopitisha mwanga, na haikuwa na sababu ya kusimama.

Miaka ya 1970 iliongeza taabu. Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na maduka mengi ya miji kama Tororo yakapoteza wenyewe na njia zao za kuleta bidhaa. Vitu vikaadimika, na mpaka wa Busia na Malaba ukawa mlango wa magendo. Katika mpaka huo ndipo ilipozaliwa biashara ya baiskeli za kubeba watu, boda boda, ambazo jina lake limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Nyanya yangu anakumbuka kwamba kioo kilichovunjika siku hizo hakikurudishwa. Paliwekwa ubao, au kipande cha bati, au gunia. Nyumba iliyokuwa imeshapata mwanga iliupoteza tena, na mwenye nyumba hakuwa amesahau chochote alichojua.

Kisha ikaja kavera. Kwa mara ya kwanza mtu asiye na fedha alipata kifaa nusu angavu cha kuzibia tundu. Kavera hupitisha mwanga, huzuia mvua, na kwa kuwa huutawanya mwanga, haimwonyeshi mpita njia kilichomo ndani. Kwa maswali matatu kati ya matano ilijibu vizuri kuliko ubao. Lakini jua huivunjavunja. Inakuwa ngumu, inapasuka, na vumbi linaifanya nzito. Mwizi haihesabu kuwa kitu. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, mfuko uliokuwa ukitumika upande wetu wa Busia ukawa kosa ukiuvusha. Marufuku hiyo ina sababu nzuri, kwa kuwa mashamba na mitaro ilikuwa imejaa plastiki. Hata hivyo, ni vyema tukumbuke kwamba kwa nyumba fulani kavera ilikuwa ndiyo dirisha.

Leo Paya ina mabati mengi kuliko nyasi, na juu ya mabati kuna kitu kipya: paneli ndogo za jua. Paneli ni kifaa cha kufundishia mada yangu yote. Juu ina kioo kinachopitisha mwanga, na chini yake silikoni inayoufyonza na kuugeuza umeme. Imepunguza moshi wa tadooba, na watoto wanasoma usiku. Lakini nimeona nyumba nyingi, ya nyanya yangu ikiwa mojawapo, ambazo taa ya paneli huwashwa saa saba mchana ili mtu achague karanga ndani. Jua linakamatwa juu ya bati, linawekwa katika betri, kisha linashushwa kwa waya ndani ya chumba ambacho bati hilo hilo limekizuia kuliona. Betri ikichakaa, giza la mchana linarudi.

Njia nyingine zipo na si ngumu. Fundi mwenye asili ya Brazili, Alfredo Moser, alionyesha mwaka 2002 kwamba chupa ya plastiki yenye maji safi, ikipenyezwa katika tundu la bati na kuzibwa vizuri, huushusha mwanga wa jua na kuutawanya chumbani. Wafilipino waliueneza mtindo huo. Madukani Tororo kuna mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Moja likiwekwa kati ya mabati kumi ya chuma, chumba kinabadilika, na kwa kuwa liko juu, halimsaidii jicho la mpita njia, na mwizi hulifikia kwa shida. Nayo yana kasoro: hugeuka manjano kwa jua la miaka, na huongeza joto. Kila kifaa kina deni lake.

Kwa kumalizia, narudia hoja yangu. Giza la nyumba za Paya limebadilika sababu mara kadhaa. Kwanza lilikuwa gharama ya ubaridi na usalama, kisha likawa gharama ya mabati bila kioo, kisha ya vita vya bei na magendo, na leo ni gharama ya mazoea ya ujenzi ambayo hayajaulizwa. Katika hatua zote hizo waliokaa ndani walijua wanachokosa. Sisi tunaosoma historia tukilitumia neno giza kueleza akili za watu hao, tunarudia kosa la anwani ya mwaka 1878. Mwezi wa Desemba, nikifunga chuo, fundi atabadilisha bati moja katika paa la nyanya yangu. Tumekubaliana liwe lile lililo juu ya kigoda chake cha kuchagulia karanga, na yeye mwenyewe ameomba lisiwe juu ya kitanda.